Kiti Kitupu Si Zawadi ya Mama

Wacha niseme kitu ambacho kitanikosesha marafiki kazini na binamu wawili watatu ushago: tiketi ya stendibai si zawadi. Ni kiti ambacho hakuna mtu amekinunua. Ukimtoa mathe Kibwezi au Mutomo, umemvalisha vizuri, umemwambia "nimekulipia ndege", na kumbe umemweka kwenye foleni ya masalio, umemdanganya. Hata kama mlifika. Hata kama picha zilitoka poa.

Hiyo ndio hoja yangu yote. Yaliyobaki ni maelezo, lakini kaa hapo, maelezo ndio yanauma.

Naongea na wewe uliyeajiriwa juzi kwenye shirika la ndege. Uko kaunta, uko mizigo, uko simu, uko kabini, uko karakana, haijalishi. Naongea hasa na wewe wa Kitui na Makueni, kwa sababu mimi ni wa huko na najua barua ya kazi ikifika nini hutokea. Kabla hujapewa sare, mama ameshatoa ushuhuda kanisani. Baba ameshasema kwa kinyozi. Shangazi ameshakuingiza kwenye grupu ya harambee ya mtu humjui. Jina lako linabadilika. Wewe si mtoto wa fulani tena, wewe ni "yule wa ndege". Na kwa hesabu ya kijiji, yule wa ndege husafiri bure, yeye na watu wake wote.

Na wewe unafanya nini? Unanyamaza. Unacheka. Unasema "tutapanga". Hapo ndipo uongo unaanza, na haujaanzishwa na kijiji. Umeanzishwa na wewe.

Sasa twende polepole na hii kitu yenyewe, kwa sababu wengi wetu tulisaini zile karatasi bila kusoma.

Kwanza kuna kungoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio cha hadi miezi 6, na kinaweza kuongezwa miezi mingine 6 wewe mwenyewe ukikubali. Mashirika mengi hayafungui marupurupu ya safari kwa mtu wa siku ya kwanza. Kwa hivyo huo mwezi wa kwanza unaoahidi watu Krismasi ya Mombasa, pengine huna hata ruhusa ya kujiandikisha mwenyewe. Na kama mkataba wako uko na kampuni inayoleta wafanyakazi wa kandarasi, angalia tena. Sare inaweza kuwa na nembo ya ndege na mwajiri akawa mtu mwingine kabisa. Kuna wasee wanabeba mizigo ya ndege miaka na hawajawahi kuwa na haki ya kiti hata kimoja.

Pili, kujiandikisha si kupata nafasi. Ukiingia kwenye mfumo na kuandika jina la mama kwa ndege ya saa nne asubuhi, hujamchukulia kiti. Umesema tu kwamba mama angependa kiti. Ndege inaendelea kuuzwa. Mtu akiwa Nyali, bado yuko na taulo, ananunua kwa simu na kiti kimeenda. Unajua hatima yako kaunta ikishafungwa, dakika za mwisho, wakati wenye tiketi wameshahesabiwa na wale ambao hawakufika wamejulikana.

Tatu, hata masalio yana foleni. Mbele wako wafanyakazi wanaosafiri kikazi, kama rubani anayepelekwa Mombasa kuleta ndege. Kuna abiria waliolipa ambao ndege yao ya awali iliharibika. Halafu ndio mnafika nyinyi wa starehe, na huko mnapangwa kwa aina ya pasi, kwa cheo, kwa miaka ya kazi, au kwa nani alifika kaunta kwanza. Kila shirika lina mpangilio wake. Lakini mahali pengi, mgeni wa kazi yuko mkiani, na mzazi wake mara nyingi yuko nyuma yake. Mzee wa miaka 20 kazini anaweza kutokea dakika ya mwisho na kukupita, na huna la kusema. Si dharau, ndivyo ilivyoandikwa.

Nne, kiti kuwa kitupu hakutoshi. Hii wengi hawaijui. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi, kwa hivyo ndege haiwezi kuondoka na uzito ule ingebeba ikitokea pwani. Safari ndefu ikiwa na mafuta mengi na mizigo mingi, ndege inaweza kuondoka na viti vitupu na wewe ukabaki hapo ukivihesabu kwa kioo.

Tano, si bure. Kodi na ada za uwanja unalipa. Punguzo la kawaida mnaloliita ID90 ni asilimia 90, na ile 10 inayobaki unatoa mfukoni. Ukitaka kupanda ndege ya shirika lingine, kuna mpango wa nauli za wafanyakazi unaoitwa ZED, bei yake inafuata umbali, na unafanya kazi tu kama shirika lako na hilo lingine wana makubaliano. Na makubaliano mengine yanakutaja wewe tu, hayamtaji mama. Ulisoma? Hukusoma. Mimi pia sikusoma.

Sasa chukua hayo yote uyaweke juu ya ramani ya kwetu.

Kitui haina ndege ya ratiba. Makueni haina. Tuko na viwanja vidogo, na helikopta za wanasiasa tunazijua kwa vumbi, lakini hakuna mahali mtu wa Wote, Mwingi, Makindu au Ikutha anaweza kununua tiketi ya ndege ya abiria karibu na kwao. Ndege ya Nairobi kwenda Mombasa hutupitia juu. Watoto wa Makueni wamekua wakizipungia mkono. Nyanya yetu wa zamani Syokimau, nabii wa Wakamba, anakumbukwa kwa kuona nyoka mrefu atakayepita kwenye nchi yetu, na watu wakasema ndiyo hiyo reli. Leo jina lake limepewa mtaa ulio karibu kabisa na uwanja mkubwa wa ndege. Nyoka wake angalau husimama kwetu: treni ya kaunti kwa kaunti ina stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Ndege haisimami.

Kwa hivyo msee wa Ukambani anapompa mama yake zawadi ya stendibai, ona anachompa. Kwanza mama apande matatu aende Nairobi. Kutoka Kibwezi hiyo ni kama kilomita 200, akielekea upande usio wake. Alale kwako. Kesho yake apande ndege irudi ilikotoka yeye, impitishe juu ya shamba lake, imshushe Mombasa. Kurudi, vivyo hivyo kinyume. Kama kuna kiti.

Najua kwa sababu mimi nilifanya hivyo.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Ndiyo, Agosti. Usinicheke bado. Kipindi changu cha majaribio kilikuwa kimeisha wiki mbili zilizopita na nilikuwa na moto. Shirika silitaji, na halikunikosea kitu. Lilifanya vile lilivyoandika. Mwaitu alikuja kutoka Kibwezi na begi moja, akalala kwangu Pipeline kwa kitanda, mimi chini. Asubuhi nilimwambia avae vizuri kwa sababu sisi wa stendibai huangaliwa mavazi. Akavaa ile suti ya harusi ya dada yangu, na viatu vipya vya kubana.

Kwenda tulipata. Viti viwili vya mwisho, mbalimbali, yeye dirishani. Yule abiria wa katikati alikubali kubadilishana nami. Nilimpiga picha akiangalia chini. Aliniuliza, "Pale ni wapi?" Nikasema Tsavo. Sikujua. Pengine ilikuwa kwetu.

Ile picha niliiweka hapa. Ndiyo posti yangu iliyopendwa kuliko zote. Mkaandika "mungu akubariki", mkaandika "malengo", mkaandika "omoka umkumbuke mama". Nikasoma zote.

Jumapili ya kurudi sikuiweka. Wacha niiweke leo.

Ndege ya asubuhi ilijaa. Tukangoja. Ya mchana ikabaki na kiti kimoja. Nikamwambia mama aende, mimi nitafuata. Akaniangalia. "Nikifika Nairobi naenda wapi?" Sikuwa nimefikiria. Hajui njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi kwangu, simu yake ni ya vibonye, na mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Tukakiacha kiti, kikachukuliwa na mfanyakazi mwingine, na hiyo ilikuwa haki yake. Ya jioni ikajaa. Siku nzima mama alikula mandazi mawili na chai, kwa sababu aliona bei na akasema hana njaa. Alikaa wima kwenye kile kiti cha chuma, na suti na viatu, mkoba mapajani, kila jina likiitwa anainuka kidogo. Kila jina. Hata la kizungu.

Na Jumatatu saa nne alikuwa na chama. Yeye ndiye mweka hazina. Daftari liko kwake, sanduku liko kwake, na siku hiyo kulikuwa na watu wa kurudisha mikopo na wa kupewa mipya. Aliniambia hiyo mara tatu kabla hatujatoka. Mimi nikajibu, "Utakuwa umerudi, usijali." Nilijibu kama mtu mwenye tiketi.

Saa mbili usiku nilifuliza nauli ya basi, kwa sababu doo yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimemaliza kwa hoteli nikijua kurudi ni bure. Mariakani, Voi, Mtito Andei. Mama alilala akiegemea kioo. Alfajiri bado giza, kondakta akaita Kibwezi. Mama akaamka, akaangalia nje, akasema bila hasira hata kidogo: "Kumbe hapa ndipo nyumbani. Si tungeshuka hapa tangu jana."

Manze.

Saa nne alikuwa kwenye chama, hajalala, na daftari lake. Wakamuuliza ndege ilikuwaje. Dada yangu alikuwepo, ndiye aliyeniambia. Mama akasema: "Ilikuwa nzuri sana. Kwenda na kurudi."

Kwenda na kurudi. Mweka hazina wa chama, mwanamke ambaye hajawahi kukosea shilingi kumi kwenye daftari, alidanganya wanawake wenzake kwa ajili yangu. Uongo wangu ulikuwa umemfikia na yeye akaubeba, ili mimi nisiaibike. Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira, na ni hasira hiyo unasoma sasa.

Hasira ya kwanza ni kwa tangazo la kazi. Unaenda mahojiano, unauliza mshahara, na kabla hawajataja tarakimu wanakuambia kuhusu "fursa za safari". Wasee, tuelewane. Kiti kitupu ni bidhaa inayooza mlango ukifungwa. Kukupa wewe hakulipunguzii shirika mengi: mafuta kidogo, soda moja, karanga. Ndiyo maana wanakipa kwa urahisi. Sisemi ni vibaya wakupe. Ni kitu kizuri, na wenye kazi nyingine hawana. Nasema usikihesabu kama pesa. Mwenye nyumba wa Pipeline hapokei ID90. Duka la mbolea la Emali halipokei. Ukikaa mezani kujadili mshahara, jadili kana kwamba hicho kiti hakipo. Msee anayekubali kusota miaka miwili kwa sababu siku moja huenda akaenda Dubai kama kuna nafasi, amelipwa kwa "huenda".

Hasira ya pili ni kwetu sisi watu wa kontenti, na mimi niko mstari wa mbele. Video zote za maisha ya ndege huanza mtu akiwa ameketi. Dirisha, wingu, kikombe, wimbo. Hakuna video ya saa tano za kungoja. Hakuna ya kurudi nyumbani na begi baada ya kukosa ndege tatu. Hakuna ya mtu amelala uwanja wa ndege wa ugenini, anahesabu kama amebakisha pesa ya hosteli ama ya chakula. Tunaonyesha bahati tunaiita marupurupu. Halafu kijana wa Form Four huko Mwingi anaona, anamwambia mama yake, na mama anaanza kuhesabu siku. Zile ni stori za jaba, na sisi ndio tunazipika.

Hasira ya tatu ndiyo kubwa, na ni kwa aibu yetu. Tunasema hatuwaelezi wazazi kwa sababu "hawataelewa". Uongo. Mtu wa Kitui anaelewa stendibai kuliko meneja yeyote. Mwambie hivi: mimi ni jamaa ya makanga. Matatu ikiwa haijajaa, napanda bure. Akitokea mwenye nauli, nainuka. Basi. Umemaliza. Hakuna mama kati ya Kyuso na Mtito Andei ambaye hajawahi kuona mtoto wa makanga akiinuliwa kwenye kiti. Ataelewa kwa sekunde mbili, na pengine atakucheka, na mambo yataisha.

Hatuwaelezi kwa sababu tukisema ukweli, "yule wa ndege" anarudi kuwa mtoto wa fulani. Hapo tu ndipo panatuuma.

Najua mtaniambia nini. Nimeshasoma majibu yenu kabla hamjaandika.

Mtasema: "Lakini mama hajawahi kupanda ndege maishani, si bora hiyo kuliko kukosa kabisa?" Swali zuri, na sitalikwepa. Ile dakika mama aliangalia chini dirishani, ilikuwa halisi. Siwezi kuidharau na sitaki airudishe. Mimi sisemi usimpeleke. Nasema usimpeleke kwa uongo. Mwambie ni bahati nasibu, mwambie mnaweza kurudi na basi, umwache yeye achague kama anataka kucheza. Mama yangu angechagua kwenda, namjua. Lakini angevaa raba. Angempa jirani sanduku la chama. Angebeba chapati. Angengoja kama mtu anayejua anangoja nini, si kama mtu anayesubiri kuitwa jina na haelewi amekosea wapi.

Mtasema: "Wewe una bahati mbaya tu, mimi nimeenda mara sita nikapata zote." Sawa. Na zile mara sita, ulikuwa peke yako, huna tarehe, una kadi ya benki? Basi hujapinga hoja yangu, umeithibitisha. Stendibai ni ya mtu asiye na tarehe na mwenye nauli mfukoni. Wazazi wetu wana tarehe. Wana kliniki ya presha, wana chama, wana ng'ombe wa kukamuliwa, wana ndengu zinazokauka shambani na mvua haingoji mtu. Kwetu watu huonekana kama wana muda mwingi. Hawana. Wana muda ambao hakuna mtu anauheshimu.

Na mtasema: "Nikikataa kuwasaidia watasema naringa." Watasema. Lakini hesabu hii: ukiwakatalia leo wataongea wiki moja. Ukimwacha shangazi uwanja wa ndege wa watu na mifuko miwili ya maembe, wataongea hadi mazishi yako.

Kuna mahali sitakubali mjadala kabisa. Usimpe mtu stendibai kwa jambo lenye siku. Mazishi, usimpe. Hospitali, usimpe. Mahojiano ya viza, mtihani, harusi, usimpe. Na yule binamu aliye Ghuba, mkataba umeisha, karatasi zake zina siku ya mwisho, ameandika kwenye grupu kwamba "tuko na mtu ndege": huyo ndiye wa mwisho kabisa kumtumia pasi ya marafiki. Akikosa kiti hapo hajakosa likizo, amebaki nchi ya watu na karatasi zilizokufa. Afadhali familia ichange tiketi kamili, na wewe uchange ya kwanza, kuliko kumtumia matumaini ya asilimia 90.

Na kumbuka mambo yakiharibika nani hupata kiti kwanza. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, safari zikafutwa kwa siku kadhaa hadi mahakama ilipowaamuru warudi kazini. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta wakagoma kwa sababu ya ule mpango wa Adani, abiria wakakwama. Siku kama hizo zikiisha, kila kiti cha ndege zinazofuata kinadaiwa na mtu aliyelipa na akaachwa. Aliyelipa ana haki ya kuuliza kaunta "ndege yangu iko wapi?" Wewe wa stendibai huna swali la kuuliza. Hujanunua kitu. Na ukipiga kelele pale, unaweza kupoteza pasi, pengine na kazi. Kumuuzia mtu hiyo pasi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kufukuzwa, kwa hivyo yule jamaa wa Wote anayekutumia "nitakupa kitu kidogo" kwenye WhatsApp, mzuie leo.

Basi unaitumiaje? Nitakuambia vile mimi naitumia sasa.

Naanza na mimi peke yangu, begi la mkononi tu, Jumanne au Jumatano, mwezi ambao shule zimefunguliwa. Naangalia viti vilivyobaki asubuhi ile, si wiki iliyopita. Nabeba pesa ya tiketi kamili ya kurudi, na kama sina, sisafiri. Hii ya mwisho isome tena. Kama huwezi kulipa bei kamili ya kurudi, safari hiyo huwezi kuimudu, hata kama ya kwenda ni sifuri. Wakati mwingine hata huhitaji ndege: treni kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa bei Januari 2024, daraja la kawaida likafika shilingi 1,500, na bado ni bei ambayo unaijua siku ile unaamua kusafiri. Kujua ni nusu ya zawadi.

Mzazi nampeleka mimi mwenyewe, sitamtuma peke yake. Nampeleka kama hakuna kitu kinamngoja kwa siku mbili baada ya siku ya kurudi. Na kurudi kwake nanunua. Tiketi yenye jina lake, ya basi, ya treni, ya ndege, yoyote ile, lakini yake, ambayo hakuna mzee wa miaka 20 kazini atamwinua.

Mwaka huu nilimrudisha mama Mombasa. Kwenda, alichagua basi, kutoka hapo hapo Kibwezi, hakupitia Nairobi hata kidogo. Siku tatu baharini. Kurudi, treni ya kaunti kwa kaunti, kiti chake kimeandikwa. Ilipofika Kibwezi alishuka mchana kweupe na raba zake, na mtungi wa maji ya bahari ambao alisema ni wa dawa ya miguu. Hakukuwa na wingu la kupiga picha. Kwenye chama wakamuuliza safari ilikuwaje.

Alisema ukweli. Alisema na ile ya kwanza pia. Dada yangu anasema walicheka hadi mkutano ukachelewa.

Sasa ni zamu yako. Kuna mtu nyumbani anahesabu siku kwa sababu ya kitu ulisema ama kitu ulinyamazia. Mpigie leo jioni, bado ana chaji. Mwambie wewe ni jamaa ya makanga.